Saa Tisa Alasiri, Ofisini Kwangu

Kazi yangu chuoni ni kuangalia. Mwanafunzi akifungua kompyuta ya chuo, mtambo wetu unaandika jina lake, saa, namba ya mashine na kurasa alizopitia. Asubuhi naisoma orodha hiyo huku nikinywa chai. Nimejua nani ameachwa na mchumba, nani ana ugonjwa ambao hajamwambia mama yake. Mwanzoni iliniumiza. Baadaye nikazoea, na hilo ndilo baya zaidi.

Mwaka mmoja alijiunga binti wa kijijini kwetu, huko juu milimani, wilaya ya Same. Aliniita mjomba ingawa hatuna undugu wa damu. Kwetu mtu akishalijua shamba la baba yako, tayari ni ndugu.

Intaneti ya chuo hutolewa kwa kipimo: kila mwanafunzi ana kiwango chake cha wiki, kikiisha anasubiri Jumatatu. Nyumbani maji ya ndiva, bwawa la wanakijiji la kumwagilia, nayo hugawanywa kwa zamu. Lakini mwenye zamu akiona maharage ya jirani yananyauka, humwachia mfereji, wala haulizi anakwenda kumwagilia nini. Basi wenzake bwenini walipoishiwa, yule binti aliwapa nywila yake. Nilimwonya, akacheka.

"Mjomba, si bando langu limebaki? Likae tu bure?"

Nami nikacheka. Laiti ningemfokea siku ile!

Muhula wa pili, mtu aliingia kwa jina lake na kuwatumia wanafunzi mtihani ulioibwa. Mtambo ulionyesha maabara ya kompyuta ya chini, saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa. Nikachapisha ripoti, nikaipeleka kwa wakubwa. Niliporudi kuketi ndipo nilipokumbuka Ijumaa ile. Saa tisa alasiri binti yule alikuwa ofisini kwangu. Alikuwa ametoka nyumbani na basi la asubuhi, akaniletea kifurushi cha tangawizi na maharage kutoka kwa mama yangu. Alikaa karibu saa nzima akinisimulia nani kaoa na nani kafa.

Kutoa nywila adhabu yake ilikuwa onyo. Kusambaza mtihani ilikuwa kufukuzwa. Kati ya onyo na kufukuzwa palikuwa na sentensi moja tu, nayo nilikuwa nayo mimi.

Mbele ya kamati ya nidhamu waliniuliza kama mtambo unaweza kukosea. Nikajibu kwamba haukosei. Ni kweli, haukosei. Haujui tu vidole ni vya nani. Hilo la pili sikulisema. Niliogopa wataniambia namlinda mtoto wa nyumbani, na mwezi ule jina langu lilikuwa mezani kwa ajili ya cheo. Wakamtaka binti ataje aliowapa nywila. Akakataa. Wakamuuliza alikuwa wapi saa ile. Alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akasema hakumbuki. Wakamfukuza chuo.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nilimjua, nikamla akaisha.

Cheo nilipata. Miaka miwili nilipita Same bila kushuka kwenye basi, hata mama akadhani nimemkasirikia. Mwaka jana nilishuka. Binti ana kibanda cha vocha karibu na stendi. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo mjomba."

Nikamwambia yote palepale, kuhusu Ijumaa, kuhusu woga wangu, na machozi yalinitoka mbele ya wapiga debe. Nikamwambia nilikuwa nimesahau, kisha nikakumbuka, kisha nikanyamaza.

"Najua," alisema. "Nilijua unakumbuka. Nilipokutazama, ulijifanya unasoma ripoti."

"Sasa kwa nini hukusema ulikuwa kwangu?"

Akaanza kupanga vocha zake.

"Ningesema, wangesema mjomba ndiye aliyenipa mtihani. Una watoto watatu wanasoma. Nikaona bora niondoke mimi."

Mteja akaja, binti akamhudumia na kumshukuru. Nilikuwa na miaka arobaini na sita siku ile ya kamati, yeye ishirini na mmoja. Nilikuwa nimeomba Mungu kila siku asijue kwamba nilimwacha. Kumbe alijua, na bado alinilinda.