Kilo Tisa za Nyekundu

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuunganisha mabega. Katika kiwanda cha masweta, mikono ilimjia kwa mafungu na vifua vikamjia kwa mafungu, naye aliketi mbele ya mashine ya duara yenye sindano zilizosimama kama meno ya kitana, akapachika kila kitanzi cha bega kwenye sindano yake, kimoja kimoja, mpaka sweta likawa sweta. Ukiruka kitanzi kimoja, bega hufumuka siku ya kwanza ya kuvaliwa. Yeye hakuruka. Wenzake walikuwa wakisema hata akipiga chafya, macho hayabanduki kwenye sindano.

Kisha kiwanda kikafungwa. Msimamizi aliwakusanya uani, akasoma karatasi moja fupi, akaikunja, akaondoka, na wafanyakazi walipotoka mlinzi akafunga lango nyuma yao. Mama Mapacha, kama alivyoitwa tangu azae watoto wawili kwa mpigo, alirudi nyumbani akiwa na miaka hamsini na miwili na ujuzi ambao hakuna mtu mtaani aliyeuhitaji.

"Sasa wifi," dada ya mumewe alimwambia wiki ile ile, akiwa amekuja kumpa pole, "utaajiriwa wapi na wewe unachojua ni bega tu?"

Alimmiminia chai, akaenda kukaa barazani.

Jibu lilimjia miezi miwili baadaye, kwenye kibanda cha muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara. Mama yule alikuwa na sweta la sufu lililotobolewa na nondo kwenye viwiko, zito, zuri, lakini la kutupwa. Mama Mapacha aliligeuza ndani nje kwa mazoea tu, akautazama mshono wa bega. Ulikuwa umeunganishwa kwa mashine kama ile ile yake. Alijua mnyororo wa uzi ule unaanzia upande gani. Akaomba mkasi, akakata mahali pamoja, akavuta, na bega zima likafunguka kama zipu.

"Makubwa," alisema muuza mitumba. "Sasa umelimaliza kabisa."

"Nipe hilo," alisema Mama Mapacha. "Nipe na mengine yenye matundu."

Hivyo ndivyo alivyoanza kufumua. Alijifunza kwa kukosea. Kwanza alijifunza kuchagua: sweta ambalo kiwandani lilikatwa kwa mkasi kisha likashonwa halifai, maana ukilifumua unapata vipande vifupi kama tambi. Lile lililofumwa kwa umbo lake ndilo linalotoa uzi mrefu usiokatika, tangu shingoni mpaka kiunoni. Alijifunza kuuzungusha uzi kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa mpaka ukawa shada, kulifunga shada mahali panne lisije likatatizika, kuliosha, kisha kulianika na chupa ya maji ikining'inia chini yake ili mikunjo iliyokaa miaka mingi inyooke. Ndipo ikaja rangi. Maganda ya vitunguu yalimpa manjano ya asali. Rangi ya unga na siki kidogo vilimpa bluu, kijani, zambarau. Aliitenga sufuria ya rangi na za chakula, akaipiga alama ya msumari kwenye mpini, na ole wake atakayechemshia humo maji ya chai.

Wifi alipoona kamba ya nguo imejaa mashada yanayodondosha maji ya rangi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Watu wanashona, yeye anafumua," alisema, na siku hiyo hiyo akampa jina la Fumua. Jina likashika. Watoto wa mtaa wakalitumia, muuza mitumba akalitumia, na mwenyewe akaitika.

Msaidizi wake mkubwa alitoka asikotarajia. Mama mkwe wake alikuwa amekula chumvi nyingi, na macho yake yalikuwa yamezimika mwaka wa nne sasa. Tangu hapo alishinda chumbani akisikiliza redio na kulalamikia chumvi ya mchuzi. Wawili hawa walikuwa wameishi nyumba moja miaka mingi kwa heshima na kwa mbali. Siku moja Fumua alimkuta bibi huyo ameketi karibu na rundo la masweta, ameshika moja, analisugua kwa kidole gumba karibu na sikio.

"Hili ni plastiki," alisema.

Fumua alichomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti. Uliyeyuka ukawa tone jeusi gumu. Kama ungekuwa sufu, ungenuka nywele zilizoungua.

"Na hili, Mama?"

"Hilo la kondoo. Zuri. Hili wamechanganya, wezi hawa."

Bibi hakukosea hata moja. Kuanzia asubuhi iliyofuata alikuwa akiamka mapema, akivaa, akiitisha kiti chake barazani kama mtu anayechelewa kazini. Vidole vyake vilifumua haraka kuliko vya mkwewe, na uzi ulipokwama hakuuvuta; alitulia, akatafuta ulikokwama, akaufungua. Malalamiko ya chumvi yakaisha. Redio ilibaki, lakini sasa walibishana nayo pamoja.

Basi mwaka wa tatu wa kazi hiyo, fundi mazulia akaja. Alikuwa mzee mrefu, mkavu wa maneno, mwenye karakana nyuma ya soko. Alisimama chini ya kamba ya nguo, akashika shada jekundu, akalivuta, akalinusa, akalikunja.

"Hii nyekundu umeipikaje?"

"Polepole," alisema Fumua. "Naiweka maji yakiwa baridi, napandisha moto kidogo kidogo, halafu naiacha ipoe humo humo."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama aliyesikia alichotaka. Alikuwa amepewa kazi ya zulia kubwa la chumba cha watoto katika maktaba mpya. "Nataka kilo tisa," alisema. "Nyekundu hii hii. Kwa wiki tatu."

Fumua hakuwahi kutengeneza zaidi ya kilo moja ya rangi moja. Nyuma yake, barazani, mama mkwe alikuwa ameacha kufumua ili asikie vizuri.

"Utazipata," alisema Fumua.

Alipoondoka fundi, bibi alisema, "Umesema bila kutetemeka. Vizuri. Sasa tetemeka kidogo, halafu tuanze."

Walitafuta masweta meupe na ya rangi ya maziwa, maana juu ya hayo ndipo nyekundu hukaa sawasawa. Muuza mitumba aliwafungulia marobota mawili, na wenzake wa vibanda vya jirani wakachangia. Walipata thelathini na moja. Bibi aliyapitisha yote kwa kidole gumba, akayakataa manne, yakabaki ishirini na saba. Baraza lilijaa mikono isiyo na vifua na vifua visivyo na mikono. Mume wa Fumua, dereva wa malori aliyestaafu, alipewa kazi ya kuzungusha uzi kwenye kigoda, na aliifanya kwa uzito wote wa mtu aliyewahi kuvuka mipaka na tani thelathini nyuma yake.

Kilo saba zilitoka safi, nusu kilo kwa kila sufuria. Zilibaki mbili na siku sita. Hapo Fumua akashikwa na haraka. Aliazima sufuria kubwa ya kupikia chakula cha shughuli, akatumbukiza kilo zote mbili kwa mkupuo, na kwa kuwa maji yalikuwa mengi akapandisha moto kuliko kawaida. Kisha muuza mitumba akamwita kutoka barabarani, akatoka.

Aliporudi, mumewe alikuwa amesimama kando ya sufuria na ndoo tupu mkono mmoja na mwiko mkono mwingine, amejaa fahari.

"Ilikuwa inatokota," alisema. "Nikaipoza. Na nikaikoroga vizuri."

Fumua alitazama ndani. Sufu ikitoka kwenye moto mkali ikamwagiwa maji baridi, tena ikakorogwa, hujikaza na kushikana. Alitia mwiko akainua. Mashada yote yalipanda pamoja, kitu kimoja, kama godoro lililolowa.

Alikaa chini, akaweka mikono mapajani. Mumewe aliitazama ndoo, akaelewa taratibu, akaiweka chini polepole.

"Mimi ndiye niliyeharibu," alisema.

"Moto ni wangu," alisema Fumua. "Sufuria ndogo ningeilinda."

Walirudi kwenye marobota. Meupe yalikuwa yamekwisha. Yaliyobaki yalikuwa ya kijivu na ya kahawia. Mume, kwa kutubu, alileta masweta yake manne ya kazini, ya bluu nzito, aliyoyatunza kama vyeti.

"Rudisha, mume wangu," alisema Fumua, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Bluu haigeuki nyekundu hata uiombee."

Alichukua sweta la kahawia nyepesi, akalifumua, akalipika katika sufuria yake ndogo, akakaa nalo mpaka likapoa. Lilitoka rangi ya damu ya mzee, iliyokolea, yenye kina. Ilikuwa rangi nzuri sana. Haikuwa rangi aliyoagizwa.

"Nimwambie nini fundi, Mama?" aliuliza.

"Beba zote," alisema mama mkwe. "Usibebe nzuri peke yake ukaficha nyingine. Na usiende kuomba radhi. Nenda na kazi."

Fumua alipika kilo mbili za damu ya mzee, nusu kilo nusu kilo, na siku ya miadi akaenda karakanani na mumewe akibeba magunia. Hakungoja kuulizwa. Alimweleza fundi kilichotokea, moto, ndoo na yote, kisha akaomba nafasi sakafuni. Alipanga mashada mekundu katikati, saba kwa saba, yakajaza mraba mpana. Kisha akayachukua yale ya damu ya mzee, akayalaza pembeni pande zote nne.

"Zulia la watoto litakanyagwa zaidi pembezoni, wanapoingilia," alisema. "Nyekundu itachafuka mwezi wa kwanza. Hii itaficha. Na macho yanapata mahali pa kukomea. Mimi nimeunganisha nguo miaka kumi na tisa. Kitu kisicho na pindo huonekana hakijaisha."

Fundi mazulia alizunguka ule mraba. Alichutama, akalinganisha shada kwa shada katika nyekundu, akitafuta iliyofifia au iliyozidi. Hakuipata.

"Kilo saba," fundi alisema mwishowe, "na hakuna shada linalotofautiana na mwenzake. Nimenunua uzi wa viwanda vikubwa ukatofautiana." Akainuka, akijishika goti. "Pindo nalichukua. Mchoro wangu ulikuwa na kasoro, sikuwa nimeijua."

Zulia lilichukua miezi miwili kufumwa. Lilipotandikwa, fundi aliwaita. Walikwenda wote, na wifi naye akavaa vizuri akafuatana nao bila kualikwa. Chumba kilikuwa kipana, chenye rafu fupi za kimo cha watoto, na zulia lilikaa katikati kama kaa la moto lililotulia. Mama mkwe aliomba avuliwe viatu. Alipanda juu yake peku, akaenda hatua kwa hatua, mkono umeinuliwa kidogo asiguswe na mtu. Akafika mwisho wa nyekundu, akasimama, akarudi nyuma unyayo mmoja, akasogea tena mbele.

"Hapa ndipo pindo linapoanzia," alisema. "Uzi wake ni mnene kidogo. Yale masweta ya kahawia yalikuwa ya sufu ngumu."

Mtunza maktaba, binti mwenye miwani, alimwuliza fundi mazulia huyu bibi ni nani.

"Huyu ndiye anayechambua uzi," alisema fundi. "Mama mwenye uzi ni yule pale." Alimwonyesha kwa kiganja kizima, kama anavyoonyeshwa mtu mkubwa. Binti akamwendea Fumua, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwuliza kama angekubali kuja siku moja kuwaonyesha watoto.

Fumua alisema atakuja. Alisema pia kwamba atamleta mama yake mkwe, kwa kuwa ndiye anayejua kuchagua, naye hana uvumilivu na plastiki.

Walipokuwa wakitoka, fundi mazulia aliwafuata mpaka ngazini. Alikuwa na kazi nyingine, ya kijani, kilo kumi na mbili. Akauliza kama wiki tatu zingetosha.

Miezi mitatu nyuma angesema ndiyo. Safari hii Fumua alihesabu kwanza kichwani: masweta, sufuria, siku za mvua ambazo uzi haukauki, vidole vya bibi ambavyo asubuhi za baridi huhitaji kuchuliwa kwanza.

"Wiki nane," alisema.

Fundi alimtazama. Kisha akampa mkono, na Fumua akaushika.

"Nane," alisema fundi.