Wiki Mbili Katika Utumishi wa Krimu ya Chokoleti

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga kakao ndani ya kibuyu cha maziwa cha Bibi. Nakiri mapema ili ninyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza na cha pili, ambao ndio ninaowaandikia, msije mkayasikia kwa wengine yakiwa yametiwa chumvi. Mimi sasa ni mstaafu. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, na uzoefu wangu katika kupiga krimu isiyo na sukari ni wiki mbili kamili, zote za likizo ya mwezi wa sita. Wapo watu waliofanya kazi miaka thelathini na hawana la kusimulia.

Niliingia kazini kwa sababu ya Mama. Mama ana mgahawa Nyakanazi, pale malori yanapolala, na kwa miaka mingi chai yake mwenyewe ilikuwa ya vijiko vitano vya sukari. Mwaka huu muuguzi alimpima, akamwambia ana kisukari, akampa dawa na masharti: sukari basi, na wanga upungue. Wanga ndio huo ugali, wali, chapati na viazi, vitu ambavyo vikishafika tumboni vinageuka sukari bila kukuomba ruhusa. Mama alishika masharti mwezi mzima. Kisha akaenda harusi ya jirani, akala kipande kimoja cha keki. Kile kipande kikaita soda mbili, soda zikaita maandazi, na wiki iliyofuata Mama alikuwa kitandani, macho hayaoni vizuri. Alipopata nafuu alituita mimi na mdogo wangu Neema akasema, "Mimi nikionja tu, nimekwisha. Msiniletee hata harufu."

Tatizo likawa kipaimara cha huyo huyo Neema. Kwetu sherehe haijawa sherehe mpaka mtoto amlishe mama yake keki mbele ya watu, mshereheshaji akihesabu moja, mbili, tatu, na simu zote ziko juu. Mama anayekataa keki ya mwanawe atazungumzwa mpaka Krismasi. Mama alisema wazi kwamba ataila, hawezi kumwaibisha mtoto, na kitakachofuata kitafuata. Zilibaki wiki mbili. Nikaamua kwamba Neema atamlisha kitu kingine, kitamu, kisicho na sukari, na fundi nitakuwa mimi. Nilikuwa nimeona kwenye simu: krimu ya maziwa inapigwa mpaka inavimba, inatiwa kakao, imekwisha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Keza, wilayani Ngara, kwa Bibi, maana ndiko kwenye ng'ombe. Krimu ni yale mafuta yanayopanda juu maziwa mabichi yakiachwa yatulie mahali pa baridi tangu jioni hadi asubuhi. Unayakomba kwa kijiko kipana, taratibu, kama mtu anayeiba. Ndoo nzima inaweza kukupa kikombe kimoja. Nilipokipata kikombe changu nikatafuta chombo cha kupigia, nikaona igisabo, kile kibuyu kikubwa ambacho Bibi hukipakata na kukisukasuka kila wiki. Nikajiambia wazee walishamaliza kazi, mashine ipo. Nikatia krimu, nikatia kakao, nikaziba, nikasukasuka kwa nguvu zote za kidato cha tatu.

Mtoto yeyote wa Ngara anajua kibuyu kile kazi yake ni kutoa siagi. Mimi pia nilijua. Labda nilidhani kikiona kakao kitabadili tabia. Baada ya muda nikasikia kitu kinagonga ndani, nikafungua, nikakuta donge la siagi ya kahawia linaogelea kwenye maji ya kahawia. Nilipoinua kichwa, Mkurugenzi wa Kituo cha Keza alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo Bibi," nilisema, ingawa tulishaamkiana asubuhi.

"Marahaba. Umetia nini humo?"

"Kakao, Bibi."

"Kakao ni wa ukoo gani?"

"Ni unga, Bibi. Wa dukani."

Akainama, akanusa mdomo wa kibuyu, akafumba macho. "Igisabo hiki nilipewa na mama yangu nilipoolewa. Hakijaingia kitu ila maziwa na moshi. Leo kinanuka duka."

Adhabu ilikuwa siku tatu za kukisafisha kwa maji ya moto na kukifukiza kwa moshi wa majani anayoyajua yeye, mpaka kirudie harufu yake. Siku ya tatu nilimkuta jikoni anapaka lile donge la siagi juu ya muhogo wa kuchemsha. Nikamuuliza, "Bibi, si ulisema tutupe?" Akajibu huku anatafuna, "Nachunguza ushahidi."

Alipomaliza uchunguzi ndipo nilipomweleza habari ya Mama na ile keki. Hakucheka. Akanipa mafunzo ya kazi, yote kwa pumzi moja: "Mwana wanje, mwanangu, mimi natafuta siagi, wewe unaikimbia. Njia ni moja. Wewe shuka kabla ya kituo. Mkono ukianza kuwa mzito, acha." Simu yangu ilikuwa imenionyesha video sita na hakuna hata moja iliyosema hivyo.

Nikahamishiwa Nyakanazi. Barua ya uhamisho haikuwepo, ila Bibi alinipa chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji baridi, ndani imejaa krimu ya siku mbili, maana chupa inayotunza moto inatunza baridi pia. Nikaipakata kwenye pikipiki, kisha kwenye basi, kama mtu aliyebeba mtoto wa mkubwa. Nilipofika niliipasha moto wa wastani kuua vijidudu vya maziwa mabichi, nikaiacha ipoe, halafu nikaenda kwa mkuu wangu wa pili, mwenye duka la vinywaji jirani na mgahawa. Cheo chake nilimpa mwenyewe: Msimamizi wa Baridi.

"Hili friji ni la soda," alisema.

"Shikamoo mzee. Hii ni ya Mama, ya sukari yake."

"Dawa?"

"Kama dawa."

"Weka chini kabisa, nyuma ya maji. Ikimwagikia chupa zangu utazilamba moja moja."

Na bakuli liwe baridi, na vijiko viwe baridi, na wewe mwenyewe usiwe na haraka. Krimu yenye joto haishiki hewa. Unaipiga inakutazama tu. Kwa kuwa mashine ya kupigia hatuna, nilifunga uma mbili pamoja kwa raba, zikafanya kazi bila malalamiko.

Kakao ya kwanza ilikuwa imeishia kwenye kibuyu, kwa hiyo nikanunua kopo jingine lenye picha nzuri ya kikombe. Neema akaligeuza nyuma akasoma.

"Kaka, cha kwanza kilichoandikwa hapa ni sukari."

"Cha pili je?"

"Cha pili ndiyo kakao. Unataka kumuua Mama kitaalamu?"

Nililirudisha dukani. Kakao halisi ni chungu kiasi cha kukufanya ukumbuke dhambi zako, na ndiyo inayotakiwa. Utamu niliutoa kwa vidonge vidogo wanavyouziwa wenye kisukari pale duka la dawa, nikavisaga kwa kitako cha chupa, nikaongeza vanila matone machache na chumvi ya kushika kwa vidole viwili. Nilimuuliza na muuguzi. Akasema krimu ni mafuta, wanga wake ni mdogo, Mama anaweza kula bakuli dogo. "Bakuli," akarudia, "si ndoo."

Jumapili ya kipaimara, asubuhi, watu wakiwa kanisani, nilipiga krimu nyuma ya mgahawa. Mwanzoni mapovu, kisha ikawa kama uji mwepesi, kisha uma zikaanza kuacha alama zisizofutika. Kakao nikaichekecha juu yake kidogo kidogo isifanye madonge. Mkono ukawa mzito. Moyo uliniambia ongeza kidogo iwe nzuri zaidi. Niliziweka uma chini, nikakalia mikono yangu.

Mimi naamini sasa ni fundi, na yeyote anayebisha alete krimu yake. Nimestaafu kwa sababu shule imefunguliwa, si kwa sababu nimechoka. Nikitazama nyuma naona nimefanya kazi chini ya wakuu wakali na nimewaheshimu wote, hata yule wa soda. Ushauri wangu kwenu ni mfupi: someni nyuma ya kopo, na mkipewa kibuyu cha mtu muulizeni kwanza.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Keki ilikuwa mezani, ghorofa mbili, imejaa sukari mpaka inang'aa. Mshereheshaji akaita, "Mama mzazi tafadhali." Mama akasimama mbele, uso umekaza kama anayesubiri sindano. Neema akakata keki, akaiacha pale pale, akafunua bakuli langu akachota kijiko kimoja. Mshereheshaji akauliza kwenye kipaza sauti hiyo ni keki ya wapi, watu wakacheka. Mama akaniangalia. Ni mimi niliyewahi kumtilia chumvi kwenye kopo la sukari, na macho yake yalikuwa yanakumbuka. Neema akamnong'oneza, "Haina sukari, Mama. Muuguzi anajua." Mama akafungua mdomo.

Alikaa nayo mdomoni muda mrefu. Nilihesabu simu kumi na moja zinazomrekodi. Akameza. Akaomba kipaza sauti, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba, na hivi ndivyo alivyosema, neno kwa neno:

"Keki wagawieni wageni. Hilo bakuli nileteeni hapa, na kijiko kiwe kimoja tu."