Milango Minane ya Mdogo Wangu

Milango ilifika Ifakara ikiwa imelala juu ya magodoro machakavu, minane, kila mmoja umeviringishwa blanketi la kijivu kama mgonjwa. Kuushusha mmoja kulihitaji watu wawili. Waliokuwa wakienda sokoni walisimama kutazama ni milango gani hiyo inayoletwa kwa lori kutoka Dar es Salaam kwenye mji uliojaa maseremala. Mmoja wa maseremala hao ni mimi, na mwenye milango ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Yeye anaishi Ulaya, kazi yake ni kutunza majengo. Huku nyumbani alikuwa anamalizia hosteli ya wanafunzi wa uuguzi: vyumba saba vya wanafunzi, na cha nane, kilicho karibu na jiko, cha mama yetu, ambaye angeishi pale kama mlezi. Kwa sababu ya chumba hicho alitaka milango ya kuzuia moto. Alinieleza kwa simu kwamba moto ukianzia jikoni, mlango wa namna hiyo ukiwa umefungwa unauzuia nusu saa nzima, na nusu saa inatosha kumtoa mama mwenye magoti mabovu. Milango mipya ilimshinda bei. Akatafuta mpaka akapata shule iliyokuwa inabomolewa huko aliko, akanunua ya kwao iliyotumika. Kila mmoja ulikuwa na kibati kidogo ubavuni kinachoonyesha uliwahi kupimwa, na mkanda mwembamba pembeni ambao ukipata joto huvimba na kuziba mwanya.

Haya yote niliyajua kabla hajanieleza. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejifunza kwa kusoma, kwanza vitabu vya kuazima parokiani, baadaye simu. Aliponitajia hosteli kwa mara ya kwanza nilikata vipande vinne vya mtiki wa unene tofauti, nikavichoma kimoja kimoja nyuma ya karakana, nikaandika kila kimoja kilidumu dakika ngapi kwenye moto. Nikachora mlango wangu mwenyewe, wa mtiki mzito, na vipimo vyote. Nilimtumia picha za kurasa kumi na moja. Alijibu: "Safi sana kaka." Wiki tatu baadaye akanitumia picha ya milango ikiwa ndani ya kontena.

Nilirudia kulisoma lile "safi sana" hadi nikajionea aibu.

Kazi ya kuifunga alimpa fundi wa Kidatu, mtu mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, aliyewahi kufunga milango ya chuma kwenye maghala. Mimi niliombwa "kusimamia". Maana yake, nilipofika pale, ilikuwa kushika mlango upande mmoja na kusoma pimamaji.

"Mkubwa, pandisha kidogo. Hapo hapo. Una mikono ya kazi wewe," alisema siku ya kwanza. Kisha, skrubu mbili zikiwa mdomoni: "Lakini niambie, kwa nini hakukupa wewe? Si ndugu yako?"

"Muulize yeye."

"Nimuulize mimi? Akibadilisha mawazo je?"

Alicheka peke yake. Nilimngoja akosee. Kila alipoufunga mlango mmoja, nilipitisha sarafu kati ya mlango na fremu, juu, kushoto, kulia, na sarafu ilipita ikigusa kote sawasawa. Hakuuranda hata mmoja. Nilikuwa nimesoma kwamba mlango wa namna hii ukirandwa ovyo unaharibika, nikadhani yeye hajui. Alijua.

Jambo lililoniumiza zaidi lilikuwa mama. Alikuja na wenzake wa jumuiya kuangalia, nami nikiwa nimekaa kwenye benchi niliyoitengeneza mwenyewe.

"Usiuguse! Uache, unajifunga wenyewe," alimwambia mmoja wao.

Walisimama, wanawake watano, wakitazama mlango ukirudi taratibu hadi kitasa kikalia taka.

"Una adabu kuliko wajukuu zangu," alisema mmoja.

"Wangu wa nyumbani mpaka niupige teke."

"Ameleta mwanangu," mama alisema, akaufungua tena.

Kila mlango ambao mama amewahi kuuita wake niliutengeneza mimi. Hata huo wa kupigwa teke, wa yule mwenzake, ni wangu pia. Nilikuwa na wivu, na sitafuti neno lingine la kuupamba.

Jumanne mvua ilinyesha, mama akaja kupika chakula cha mafundi. Aliwasha jiko la mkaa kwenye ukumbi, karibu na mlango wa chumba chake. Mimi nilikuwa ndani ya chumba hicho nikipigilia kibao cha kutundikia nguo, mlango ukajifunga nyuma yangu. Baada ya muda nikasikia macho yanawasha. Nilitazama chini ya mlango: hakuna kitu. Pembeni: hakuna kitu. Nikainua kichwa. Moshi ulikuwa unaingia kwa juu, umetulia, kupitia tundu la hewa.

Huku kwetu hatujengi chumba bila tundu la hewa juu ya mlango. Mwashi huliacha bila kuambiwa, seremala huweka wavu wa mbu bila kuulizwa. Bila tundu hilo joto la bonde halikuachi ulale. Na yule fundi alikuwa amefunga milango minane iliyopimwa kwa moto, kwa ustadi wote ule, chini ya matundu manane yaliyo wazi. Ilikuwa sawa na kufunga kitasa kwenye lango lisilo na uzio.

Nilifurahi. Nilikaa kwenye kitanda cha mama kisicho na godoro, nikakohoa, nikafurahi.

Sikusema siku hiyo, wala iliyofuata. Padri alikuwa aje Jumapili ya wiki iliyofuata kubariki nyumba, ndugu wote wawepo, na mdogo wangu awe kwenye simu ya video. Nilipanga niseme hapo, mbele ya watu, nikiwa na daftari langu mkononi, ili ionekane kazi ilipaswa kupewa nani. Mama angehamia Jumamosi, usiku mmoja kabla. Nilijiambia usiku mmoja si kitu.

Jumatatu nililichukua daftari ili nichague ukurasa wa kuonyesha. Nilifungua ule wenye mlango wangu, mchoro ninaoupenda kuliko yote. Fremu ilikuwa hapo, bawaba tatu, unene wa mbao. Na juu ya mlango, kwa mstari wa rula, nilikuwa nimechora tundu la hewa. Nimelipima. Pembeni nimeandika kwa mwandiko wangu: wavu wa mbu.

Mlango wangu ungemfukiza mama moshi vilevile, na ningepewa pongezi kwa kuutengeneza.

Nilimpigia mdogo wangu mchana ule ule, nikamweleza habari ya jiko, moshi na tundu la hewa.

"Kaka, mimi nimetumiwa picha za ile nyumba tangu ikiwa msingi," alisema. "Huku kazini ningeliona tundu kama hilo nikiwa nimefumba macho. Ila hapo ni nyumbani, sikuliona kabisa." Kisha akasema: "Bila wewe ingekuwaje? Ahsante sana."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo kwa miezi. Ukurasa ule sikumwonyesha, na hata leo hajauona.

Fundi wa Kidatu nilimkuta anafagia vumbi la mbao. Nilipomweleza, aliinua macho juu ya mlango wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane, akashika kiuno.

"Na mimi nikaweka na wavu mpya," alisema. Halafu akanigeukia. "Uliliona lini?"

"Jumanne."

"Leo Jumatatu, mkubwa."

Alinitazama kidogo, akaokota ndoo.

"Haya, lete tofali."

Tuliziba matundu yote manane kwa tofali na saruji, yeye akijenga, mimi nikimkabidhi. Alifanya kazi bila mzaha hata mmoja. Ili hewa ipatikane tulipanua madirisha ya nje, na mbao za kufungia madirisha hayo nilizitengeneza mimi. Mama alihamia Jumamosi kama ilivyopangwa, nyumba ikabarikiwa, na mimi sikusimama kusema chochote.

Wiki ya pili tangu ahamie nilikwenda kumsalimia baada ya chakula cha mchana. Jua lilikuwa kali. Mlango wake ulikuwa wazi, umezuiwa kwa kipande cha mbao sakafuni. Nilikitambua kabla sijakifikia: mtiki, upande mmoja mweusi kwa kuungua. Kipande cha nne, kilichodumu kuliko vyote.

"Shikamoo mama. Hiki umekitoa wapi?"

"Marahaba. Si kwako, kwenye kuni," alisema akiwa amejilaza. "Kizuri, kizito. Huo mlango wenu unanifungia joto humu kama mkate."

Nilisimama nikitazama. Mlango uliovuka bahari, uliopimwa na kuwekwa kibati, ulikuwa umeshindwa na kipande changu. Nilitamani kukiacha, walau mpaka jioni. Jikoni, hatua chache kutoka hapo, wanafunzi walikuwa wanakaanga kitu, mafuta yanaruka.

Nilikiokota. Mlango ukarudi taratibu, ukalia taka.

"Nani kafunga?" mama aliita kutoka ndani.

"Mimi, mama."

"Wivu tu huo! Cha mdogo wako kila siku unakionea!"

"Ndiyo, mama," nilisema. Nikakiweka kipande kwapani, nikazunguka nyumba kwenda kumfungulia dirisha kwa nje.