Chupa Niliyoitamani

Jamani, mkinicheka mna haki, maana aibu hii nilijitafutia mwenyewe, ila hofu yake haijanitoka mpaka leo.

Wataalamu wa maabara ya taifa walifika kijijini kwetu, karibu na Kharumwa, kupima maji, wakanikabidhi mimi mjumbe wa kamati ya maji chupa ya kuchotea kisimani, na ile chupa, wenzangu, ilikuwa na mfuniko unaobana hata samli haivuji (na mimi kwa vyombo vya mfuniko, Mungu anisamehe!), basi nikaibakiza, nikatoa nyingine ya kufanana nayo kabatini, nikaisuuza mara tatu kwa maji ya moto, nikaibandika karatasi yao yenye namba, nikachota, nikawapa. Nani angejua?

Majibu yakaja: kisima kina zebaki, tena nyingi. Kikazibwa kwa miiba. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba ile chupa ya kabatini ndiyo mume wangu, Baba Kabula, alikuwa akiwekea zebaki yake ya kukamatia dhahabu.

Wataalamu waliporudi, ukaitwa mkutano, mtu mmoja akapaza sauti, "Kuna aliyetutilia sumu!" na macho yote yakamgeukia Bibi Kalunde, mjane anayelima kando ya kisima, na huku kwetu macho ya namna ile hayaishii kwenye kutazama. Bibi akanishika mkono. "Mayu, mama yangu, mimi nimewakosea nini?"

Nikasimama, nikasema yote, mpaka samli. Watu wakazomea, wengine wakacheka hadi machozi, mwenyekiti akashika kichwa.

Dada mmoja kati ya wale wataalamu wa maabara peke yake hakucheka.

"Mama Kabula, hiyo chupa ilikuwa inakaa kabati gani?"

"La vyombo."

"Vya kulia?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafungua sanduku lake, akatoa chupa mbili, zilezile za mfuniko unaobana. Moja akaenda kuchotea kisimani mwenyewe. Ya pili akanipa mkononi, taratibu. "Hii ni ya mkojo wa mtoto wako."

Majibu ya kisima yamesharudi, maji ni salama, na Bibi Kalunde anachota kwa amani. Ya Kabula wamesema wanarudia kupima. Nami nimeapa, chombo cha maabara sitakitamani tena, na zebaki haitalala nyumbani mwangu, hata kama Baba Kabula itabidi alale nayo nje.