Mzigo wa Mwenyewe

Nilinunua pikapu yenye milango minne kwa sababu ya mama mkwe. Nalisema hili mapema, maana hapa Kisian wengi walidhani nataka kuonekana kama bwana mkubwa wa shirika la misaada. Kuonekana nilishaonekana zamani. Nilianza na baiskeli, nikitoa omena, wale dagaa wa ziwani, Usenge, gunia nyuma limenipita kichwa, na shule niliiacha kabla haijanizoea. Leo nina maduka na mashine ya kusaga. Hakuna aliyenishika mkono.

Kwetu mtu na maro wake, yaani mama mkwe, hawakai bega kwa bega. Hamli meza moja, hamsalimiani kwa mkono ovyo, na mengi mnaambiana kupitia mtu wa tatu hata kama mnasikiana vizuri. Sasa pikapu ya kawaida ina kiti cha mbele tu. Maro ungemweka wapi? Nyuma kwenye bodi, kama mbuzi wa soko? Ndiyo maana nilingoja mpaka nikapata yenye viti vya nyuma.

Ng'ombe wa mahari ya mke wangu nilikuwa nimemaliza kuwalipa, hadi yule wa mwisho, na wazee wa kwao walikuwa wamepanga siku. Jumamosi maro angekuja kuona nyumba ya binti yake kwa mara ya kwanza. Mke wangu alikuwa na ombi moja.

"Baba, mama yangu asije na gari ya kukodi."

Basi. Gari lilikuwa uani, jeupe, linanukia viti. Nilikuwa nikilizunguka kama mtoto mwenye kiatu kipya. Kilichobaki ni bima na karatasi za barabarani, nikafikiri ni kazi ya asubuhi moja. Nilikwenda mjini kwa wakala wa bima, kijana mwenye tai.

"Gari la biashara, Mzee?"

"La nyumbani. La familia yangu."

Akatazama logbuku, akatabasamu. "Mzee, hapa imeandikwa pikapu. Pikapu ni ya biashara hata ukibebea Biblia peke yake."

"Jirani yangu mwalimu ana gari dogo na anabeba kuku wa kuuza kila wiki. Yeye ni wa nyumbani?"

"Huyo ni wa nyumbani."

"Na mimi nisiyebeba kuku?"

"Wewe ni wa biashara. Lakini nitakuandikia bima ya mzigo wa mwenyewe. Ukibeba mzigo wa watu kwa malipo, hiyo ni bima nyingine, bei yake inapanda tena."

Bei ya hiyo hiyo ya mzigo wa mwenyewe ilinifanya nivue kofia. Gari lile lile, barabara ile ile, dereva yule yule, na mwalimu analipa kidogo kwa sababu gari lake lina buti na langu lina bodi. Halafu akaniambia ni lazima niende ukaguzi, na kila mwaka nirudi. Mwalimu hata hajui mlango wa ukaguzi uko wapi. Nililipa. Hasira niliiweka kando, nilikuwa naiona Jumamosi tu.

Ijumaa asubuhi nilienda ukaguzi na mke wangu, yeye amekaa mbele na kitambaa chake cha kanisani. Breki zikapita. Taa zikapita. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mwenye koti la bluu, sauti yake inafika barabarani. Akazunguka gari, akasimama mlangoni.

"Mzee, hapa hakuna jina la mwenye gari. Hakuna uzito. Na nyuma hakuna zile alama nyekundu na njano za kung'aa. Hii sitapitisha."

"Mama, hili ni gari la nyumbani. Naandika jina mlangoni kama duka?"

"Ni pikapu. Kwani unabeba mzigo gani?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea maneno ya wakala. Nikamjibu, "Mzigo wangu mwenyewe. Kesho nabeba mama mkwe."

Foleni nzima ikacheka. Dereva mmoja wa lori akaniuliza kama maro nitamfunga kwa kamba au nitamfunika turubai. Nikamwambia lori lake ndilo linahitaji kufunikwa, linatisha watoto. Hapo wakacheka zaidi. Mke wangu hakucheka.

"Umeita mama yangu mzigo," aliniambia tukiwa tunatoka. "Mbele ya watu."

"Ni lugha ya bima."

"Basi kesho bima ikamchukue."

Nilikanyaga mafuta mpaka Kondele kwa fundi wa kuandika. Ukaguzi ulikuwa unafungwa jioni, na bila stika yao gari lisingetoka uani Jumamosi. Fundi alikuwa anaandika bango la kinyozi. Nikamwambia kinyozi atangoja.

"Nikuandikie jina fupi, Mzee? Herufi ya kwanza na la baba?"

"Yote matatu. Na sanduku la posta. Na mji."

Akachora mstari kwa chaki, akaanza. Nilisimama nyuma yake nikisoma herufi moja moja kadiri ilivyotoka. Nakuambia, mimi jina langu nilizoea kuliona dogo, kwenye kitambulisho, au nililoandika mwenyewe likienda upande kama mlevi. Pale lilikuwa limenyooka, jeusi, refu kuliko mkono wangu. Aliyekuwa anauza nyanya kando akasema, "Mzee, sasa umekuwa kampuni." Nikamwambia ndiyo, na sijamwajiri. Ile hasira ya kuitwa biashara iliniisha pale pale. Hata mke wangu alishuka kuangalia. Akagusa rangi, ikamchafua kidole, akasema herufi ya katikati imenona. Ndivyo nilivyojua amenisamehe nusu.

Tulirudi ukaguzi rangi ikiwa bado inanata. Yule mama akasoma mlango kwa sauti, majina yote matatu, akatazama uzito na zile alama za kung'aa alizobandika fundi nyuma, akagonga muhuri. Stika ikabandikwa kwenye kioo. Nilipiga honi kutoka pale mpaka Kisian, na watu waliokuwa wakipunga mkono hata siwajui.

Jumamosi tulimchukua maro Usenge pamoja na dada zake wawili. Walikaa nyuma watatu, wamevaa vizuri, mikoba magotini. Mke wangu alikuwa mbele na mimi. Kabla ya kufika Kisian, askari wa barabarani akatusimamisha. Akaangalia stika, akaangalia karatasi ya bima, akainama dirishani.

"Mzee, hapa inasema mzigo wa mwenyewe. Hawa mama ni mzigo wa nani?"

Alikuwa anatania, nilimwona usoni. Lakini mke wangu alinigeukia, na macho yake yalinifunga mdomo. Halafu maro akamsemesha binti yake, kwa Kiswahili, ili askari asikie.

"Mwambie askari mimi ndio mzigo. Na mwenye gari amelipa, ng'ombe wote wako kwangu. Kama anataka risiti aje awahesabu."

Dada zake walipiga makofi. Askari alirudi nyuma akishika kofia, akasema, "Pita, Mzee. Huu mzigo ni mzito kwangu." Mke wangu alicheka mpaka akafuta machozi na kile kitambaa cha kanisani, na mimi nikacheka nikitazama barabara, kwa sababu mtu hamtazami maro wake akicheka.

Tulipofika kwangu lango lilikuwa wazi. Wanawake wa kanisa walikuwa wamejipanga pande mbili, wimbo umeshaanza. Nikapunguza mwendo ili nikate kona. Nyuma nikamsikia maro, "Mwambie ora asiingie kwanza." Ora ni mimi, mkwe wake.

"Kwa nini, Mama?" mke wangu aliuliza.

"Hapa wanaoniona ni watu wenu tu. Mwambie apite mpaka sokoni, ageuze, ndiyo turudi."

Niliwaacha wanawake na wimbo wao langoni. Tulipokaribia soko nilisikia kioo cha nyuma kikishushwa, na mimi nikapunguza mwendo bila kungoja niambiwe.