Aliomba Popo Wafukuzwe, Sasa Anawasubiri

Saa kumi na moja kasoro alfajiri, jua halijachungulia Midrand, kaskazini mwa Johannesburg, Hyasinta Mponda anaingia kwenye banda la kitalu cha miche. Hawashi taa kwanza. Anakwenda moja kwa moja hadi kwenye kona, chini ya tundu lililo kati ya ukuta na bati, na kuinamia gunia jeupe la mbolea alilolitandika jana jioni.

Analipapasa kwa kiganja. Hakuna kitu.

"Safi," anasema, kana kwamba ametukanwa.

Anachotafuta ni kinyesi cha popo. Vibonge vyeusi, vidogo kuliko punje ya mchele, ndivyo vitakavyomwambia kuwa wamerudi. Na vibonge hivyohivyo ndivyo vilivyomfanya, Desemba 2004, aombe wafukuzwe.

Hyasinta, mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, ni mzaliwa wa Morogoro. Aliolewa hukohuko na Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, wakaja Johannesburg mwaka 1994. Mumewe amekwishafariki. Kitalu ni cha Nomsa, binti wa shemeji yake, aliyekulia Morogoro na anayeongea Kiswahili cha huko bila kukwama. Humwita Hyasinta mama mdogo.

Mshahara wa Hyasinta hapo kitaluni ni randi mia tisa kwa mwezi, na huishia kwenye nauli na unga. Kinacholipa chumba chake katika mtaa wa La Rochelle, Johannesburg, ni mboga anazolima nyuma ya banda: mchicha, matembele na kabichi. Kila Jumamosi huziuza kwa Watanzania na Wakongo wa mtaani kwake.

"Popo walikuwa wananichafulia miche ya wateja," anasimulia. "Nafagia asubuhi, mchana nafagia tena. Mteja anashika mche, anajifuta mkono kwenye sketi. Nikamwambia Nomsa, ama wao ama mimi."

Samwel, fundi wa kitalu, alifanya kama mafundi wa paa wanavyofanya. Alingoja jioni popo watoke kuwinda, ndipo akapigilia bati juu ya tundu, asije akamfungia hata mmoja ndani. Hyasinta alishika ngazi.

"Tulijiona wenye huruma kabisa," anasema.

Hawakujua kuwa Desemba popo wananyonyesha. Mama huwaacha wachanga wakining'inia, huenda kutafuta chakula, hurudi.

Alfajiri walirudi wakakuta bati. Walizunguka banda mpaka kukapambazuka. Ndani mlisikika mlio mwembamba, kama wa bawaba iliyokosa mafuta. Hyasinta alidhani ni panya. Akasema hao nao zamu yao inakuja.

Harufu ndiyo iliyowaita. Samwel aliponyanyua bati, aliwakuta wachanga palepale, wamekufa, uchi bila manyoya, kila mmoja kama ncha ya kidole gumba.

"Walikuwa wamesogea mlangoni," Hyasinta anasema. "Wote. Kama watoto wa chekechea wanaongoja kuchukuliwa."

Anahamisha chungu cha mche ambacho hakikuhitaji kuhamishwa.

Popo hawakuonekana tena. Nondo ambao wangeliwa hewani wakapata nafasi ya kutaga kwenye kabichi, na hadi Februari viwavi walikuwa wametapakaa shambani. Agnès, Mkongo anayenunua mchicha kwake, aliinua fungu moja juani akalichungulia.

"Maman Hyasinta, hii lengalenga ni ya kupika ao ya kuchujia chai?"

Nomsa alipiga dawa. Viwavi walianguka, wakarudi. Walioanguka wasirudi ni mijusi wa ukutani, waliokuwa wakinyakua wadudu kwenye balbu. Hyasinta aliwazoa kwa kizoleo. Samwel, aliyezoea kuwakimbiza kwa ufagio akiwaita makafiri, siku hiyo hakutania.

"Popo alikuwa na zamu ya hewani, mjusi zamu ya ukutani," Hyasinta anasema. "Tumefukuza walinzi wote wawili, halafu tunashangaa mwizi kaingia."

Kiangazi hiki alimwomba Nomsa asipige dawa, huenda popo wakarudi.

"Mama mdogo, hao walishapata nyumba nyingine," Nomsa alimjibu.

"Basi niachie tundu tu. Tundu halili kitu."

"Tundu halili, viwavi wanakula. Nakupa mpaka mwisho wa Machi. Wasiporudi, napiga dawa kote, na kwenye mboga zako."

"Sharp," alikubali Hyasinta, akaenda kuokota viwavi kwa mkono.

Samwel ameling'oa bati, na ndani ya tundu amepigilia ubao wenye mikwaruzo ili kucha zipate pa kushika. Mijusi wawili wamekwishaonekana kwenye balbu. Popo, bado.

"Eish, mama," Samwel anamtania akipita na toroli. "Zamani ulilia kwa uchafu, leo unaulilia uchafu."

"Sukuma toroli lako, baba."

Wakirudi, anasema, tundu halitazibwa. Na mtu akitaka kuziba la kwake, angoje hadi Machi au Aprili, watoto wawe wameshajifunza kuruka. Hayo huwaambia wateja wote, hata wasiouliza.

Kumepambazuka. Anafagia banda zima, kona kwa kona, isipokuwa pale.

"Nilitaka pawe safi," anasema. "Pamekuwa. Sasa naomba kibonge kimoja tu, nikamwonyeshe Nomsa."

Analikung'uta gunia lisilo na kitu, analigeuza, analitandika tena chini ya tundu.