Mpunga wa Mama Sada

Iko siku moja naikumbuka sana, mwanangu, tangu uliponiuliza kama sheria iwabane watengenezaji wa programu za simu pale wezi wanapopenyea ndani yake. Najua hukuuliza bure. Wafanyabiashara wa Kasongo na Kabambare wanatumia programu yako kutoa mizigo kwenye depo, yaani ghalani, na sasa umegundua kwamba mjanja anaweza kuona namba ya siri ya mwenzake. Kaa kidogo nikusimulie.

Simu zilikuwa hazijafika huku. Nilikuwa kijana, nikifanya kazi kwa Bwana Shabani, mwenye foni, ile redio ambayo watu walipanga foleni wazungumze na ndugu zao wa mbali. Mimi nilichaji batri na kukimbia mitaani kuwaita walioitwa. Nilimpenda yule mzee. Kila asubuhi alituvunja mbavu kwa habari alizozinasa hewani, watu wengine wakiongea kwenye foni zao: nani kaachwa na mke huko Salamabila, nani kagombana na shemeji.

Siku hiyo alikuja Mama Sada, mkulima wa Wamaza. Mpunga wake wa msimu mzima alikuwa ameuweka depo hapa Kasongo. Alitaka kumwambia mnunuzi wake wa Kabambare neno la siri ambalo mtu wake angelitaja depo ili apewe mpunga. Kabla ya kusema akauliza, "Wengine hawasikiaka?"

"Sema tu, mama," Shabani akamjibu. "Hapa ni wewe na yeye."

Mtu wa mnunuzi alipofika, depo ilikuwa tupu. Mgeni asiyejulikana alikuwa ametangulia, akataja neno lile lile, akapakia mpunga akaenda zake. Mama Sada hakuwa amebakiza hata mbegu.

Tukakaa barazani kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, aamue. Shabani akasema, "Miye nabebaka sauti tu. Mwizi ndiye mumutafute." Nami nikadakia, nikijiona wakili: mkimlipisha mwenye foni, kesho wote watafunga foni zao, na sisi tutabaki bila.

Shefu akanigeukia mimi. "Zile habari za Salamabila munachekaka kila asubuhi, munazitoaka wapi?"

Nusu ya watu waliokaa pale walikuwa wamezicheka pia, wakaanza kutazama chini.

"Basi mulijua ya kuwa inasikika," akasema. "Na mama aliwauliza."

Shabani akaamriwa kulipa nusu ya mpunga ulioibwa, akautoa shambani kwake. Nusu nyingine ikahesabiwa deni la mwizi, ambaye hakupatikana kamwe. Tangu hapo kila mteja aliambiwa, "Sema, lakini ujue inasikika." Foleni haikupungua, mwanangu. Watu waliacha tu kusema siri zao pale.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, sheria iwepo. Lakini isimkamate aliyekosea bila kujua, akarekebisha mara alipojua, kwa maana kila atengenezaye kitu hukosea. Imuulize alijua lini, na baada ya kujua aliwaambia watu nini. Yale maandishi madogo uliyoyaweka mwishoni, kwamba mtengenezaji hahusiki na hasara yoyote, ndiyo yale yale ya Shabani ya kubeba sauti. Hakuna anayeyasoma, na wewe unajua. Tena sheria yenyewe bado haijafika huku, ila wateja wako wapo. Waambie leo, hata kama wengine watakuacha, halafu ukae uzibe hilo tundu.

Mama Sada aliipokea ile nusu na akashukuru. Ila hakugusa foni tena, wala yetu wala ya kwao Wamaza. Akiwa na neno la kusema Kasongo, alilileta mwenyewe kwa miguu toka Wamaza, hata alipozeeka. Alikuwa akipita mbele ya mlango wetu bila kugeuza shingo, na mimi nilikuwa naona aibu kila mara. Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako, mwanangu, na asikuonyeshe mteja anayepita mlangoni kwako namna ile.